Trekta Likifa, Tusimlaumu Dereva Peke Yake

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii nilifunzwa nikiwa bado katika shule ya msingi, nikaitia katika insha zangu mara zisizo na idadi, na kila mara mwalimu akanitilia alama ya sahihi. Hata hivyo, maana yake sikuijua. Niliijua siku trekta letu lilipozimika katikati ya shamba mwezi wa Aprili, mvua imekwisha kunyesha mara tatu na mbegu za mahindi zingali katika mifuko. Msomaji mpendwa, nipe nafasi nikusimulie kisa hicho, kisha nikupe maoni yangu. Ukiona nimepotoka, jarida hili ni letu sote. Nijibu katika toleo la mwaka ujao.

Sisi wa pande hizi za Chepkoilel ni watu wa trekta, tupende tusipende. Ukitoka mjini Eldoret ukafuata barabara iendayo Ziwa, ukapita kilipo Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho zamani kilikuwa kampasi ya Chepkoilel ya Chuo Kikuu cha Moi, utayaona mashamba ya mahindi na ngano yametandazwa kama mikeka. Hata mji wetu ulizaliwa shambani: jina lake la mitaani, Sisibo, latokana na nambari 64 iliyokuwa ya shamba. Makaburu walipowasili katika uwanda huu wa Uasin Gishu mwaka wa 1908, walikuja na magari ya kukokotwa na maksai. Leo maksai wamepungua, na mashamba makubwa hulimwa na tingatinga. Likizimika tingatinga moja wakati wa kupanda, si mwenyewe tu anayelia. Hulia majirani waliolikodi, hulia vibarua, na hulia mwanafunzi ambaye karo yake imo katika mahindi hayo.

Trekta letu ni Massey Ferguson kuukuu lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Dereva wake alikuwa mtu wa makamo aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Shuleni hakukaa sana. Aliacha akiwa darasa la tatu. Mimi nilimwita mzee, naye aliniita weri, yaani kijana kwa Kikalenjin. Likizo ya Desemba alianza kuisikia injini ikilia tk-tk-tk upande wa juu. Akamwendea baba, akamwambia, "Mzee, hii injini inalia tapeti. Inataka kupimwa."

Baba akamwita fundi wa kando ya njia. Fundi huyo akaja na spana mbili na bisibisi, basi. Akafungua kifuniko cha juu cha injini, akakaza hapa, akakaza pale, akawasha, akasikiliza, akazima, akakaza tena. Mwishowe kelele ikaisha kabisa.

"Sikiza sasa!" akasema kwa majivuno. "Si imetulia kama maji mtungini?"

Baba akafurahi, akamlipa, na chai ya maziwa fundi akapewa. Ni dereva peke yake aliyetikisa kichwa.

Jioni akanijia nikikata nyasi za ng'ombe. "Weri, wewe uko sekondari. Kitabu cha hii trekta kiko kwa kabati ya mzee. Hebu kilete unisomee pale pa tapeti. Huyu mtu hakupima kitu."

Nikakileta. Kumbe kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, tena Kiingereza cha mitambo, maneno ambayo sijawahi kukutana nayo katika riwaya wala katika mtihani. Nikaona haya. Mimi niliyesifiwa kijiji kizima kuwa msomi, nitamwambiaje mtu wa darasa la tatu kwamba sielewi? Nikafunua kurasa mbili tatu, nikakifunga.

"Hakuna kitu hapa, mzee," nikamwambia. "Ni picha tu."

Akanitazama, akasema, "Haya," akaenda zake.

Tangu Januari trekta likalima mashamba yetu na ya majirani, mchana na usiku. Machi likawa gumu kuwaka asubuhi. Nguvu zikapungua, kilima kidogo kilichokuwa hakilisumbui sasa kikawa kama Mlima Elgon. Moshi ukazidi. Aprili likazimika na kukataa katakata kuwaka. Fundi aliyeletwa kutoka mjini alipokifungua kichwa cha injini, alitoa vali moja ya moshi ambayo ukingo wake umeliwa kama mkate ulioumwa na panya. Alipofungua nati ya chini ili kumwaga oili, haikutiririka. Ilijivuta polepole, nzito kama uji wa wimbi.

Baba akamgeukia dereva. "Wewe ndiye unakaa juu ya hii mashine kutwa. Ulikuwa wapi ikiharibika?"

Dereva akanitupia jicho mara moja. Mimi nikatazama viatu vyangu. Hakusema neno. Wiki hiyo akaachishwa kazi. Mahindi yetu yalipandwa mwishoni mwa Mei kwa trekta la kukodi, baada ya wenye zamu kumaliza, na mavuno yakawa haba.

Basi maoni yangu ni haya: trekta letu halikuuawa na dereva. Liliuawa na kitabu kilichofungiwa kabatini, na likauawa na msomi aliyeona haya kukisoma. Tena nasema si letu peke yake. Zunguka vijiji vyetu uone matrekta yaliyosimama nyuma ya nyumba, kuku wakitagia chini yake. Uliza yalikufaje. Utaambiwa ati lilikuwa zee. Utaambiwa dereva alikuwa mlevi. Wengine watakunong'onezea kwamba ni jicho la majirani. Ni nadra sana kumsikia mtu akikuambia, "Hatukulipima, na oili hatukuibadilisha."

Nieleze kidogo ili nisionekane napayuka tu. Katika somo la Kilimo tumefundishwa kwamba injini ya dizeli ina mipigo minne: kuvuta hewa, kuigandamiza, kuchoma dizeli, na kutoa moshi. Tumeikariri, tumeiandika mtihanini, tumeisahau. Vali ndizo milango ya chumba hicho. Mmoja huingiza hewa, mwingine hutoa moshi. Kila vali hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Hebu piga hesabu. Injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 900 kwa dakika, yaani mara 54,000 kwa saa. Trekta likilima saa kumi kwa siku, vali moja imefunguka na kujifunga mara 540,000. Ni mlango gani wa nyumba utakaovumilia hayo bila bawaba kulegea?

Sasa, kati ya ncha ya vali na mkono unaoisukuma huachwa mwanya mdogo. Mwanya huo ndio mafundi wetu wanaokusudia wakisema "kupima tapeti." Huachwa kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka, na kisipopewa nafasi ya kutanukia kitaisukuma vali wakati haifai kusukumwa. Katika injini za Perkins za zamani kama hiyo yetu, kitabu chataja milimita 0.30 injini ikiwa baridi, au milimita 0.25 ikiwa moto. Milimita 0.30 ni unene wa karatasi tatu au nne za daftari lako zikibanwa pamoja. Injini nyingine zina vipimo vyao, na ndiyo maana kitabu cha jirani hakikufai.

Mwanya ukizidi, vali huchelewa kufunguka na huwahi kujifunga, hewa hupungua, na vyuma hugongana: tk-tk-tk. Kelele hiyo huudhi, na ikiachwa muda mrefu huvila vyuma, lakini ni kelele ya ukweli. Inakuambia njoo unitazame. Hatari kubwa zaidi ni mwanya ukikosekana. Vali ya moshi hupitiwa na gesi yenye joto kali mno. Kinachoiokoa ni kwamba kila inapojifunga hukaa kwenye kiti chake na kukipa joto lake, nacho kiti hupoozwa na maji ya injini. Ikikazwa kupita kiasi, haikai. Joto linakosa pa kwenda, moto unapenya ukingoni kama upepo chini ya mlango, na vali inaliwa kidogo kidogo. Mgandamizo unapungua, injini inakuwa ngumu kuwaka, nguvu zinakwisha. Na muda wote huo injini iko kimya, raha mustarehe! Fundi wetu wa kando ya njia hakuiponya injini. Aliiziba mdomo. Nasi tukampa chai.

Watu hudhani kupima tapeti ni uganga wa mafundi wakubwa wa mjini. La hasha! Kifaa kinachohitajika ni vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake, ambavyo mafundi huviita fila. Kwanza injini izimwe, ipoe, na kizimio kiachwe kimevutwa ili isiwake kwa bahati mbaya. Kisha izungushwe polepole kwa spana upande wa puli ya mbele, huku ukizitazama vali mbili za silinda moja. Utafika mahali zinapopokezana: ya moshi inamalizia kujifunga na ya hewa inaanza kufunguka. Ukiongeza hapo mzunguko mmoja kamili, silinda hiyo itakuwa kileleni mwa mgandamizo, na vali zote mbili zimefungwa. Sasa ndipo unapopima. Kibamba kipite kati ya ncha ya vali na mkono wake kwa kukwaruza kidogo tu. Kisikwame wala kisielee. Kisipopita hivyo, legeza nati, zungusha skrubu, kaza nati, kisha upime tena, kwa maana mara nyingi kukaza nati hubadilisha kipimo. Halafu uende silinda inayofuata. Katika injini za silinda nne kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengi huijua: vali za silinda ya nne zikipokezana, pima za kwanza, za kwanza zikipokezana, pima za nne, na ya pili na ya tatu huenda pamoja vivyo hivyo. Sisemi kila mmoja wetu akimbie nyumbani na spana. Nasema tujue kiasi cha kumuuliza fundi swali moja tu: "Fila yako iko wapi?" Asiye nayo mpe chai ukitaka, lakini injini usimpe.

Tuje kwenye oili. Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi, kwa kuwa kila mtu hudhani anajua. Oili hailainishi vyuma tu. Huvipoza, huviosha, huzuia kutu, na huziba nafasi ndogo kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Kwa sababu huosha, hubeba masizi, na ndiyo maana oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Weusi peke yake si ugonjwa. Nimemsikia mzee mmoja akimgombeza dereva kwa weusi wa oili iliyomwagwa ndani wiki iliyopita! Zipo dalili nyingine za kuogopwa. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kijiti cha kupimia kikionyesha oili imeongezeka bila mtu kuiongeza, tena inanuka dizeli, basi dizeli inavuja ndani. Oili hiyo imekuwa nyepesi na haiwezi tena kuvitenganisha vyuma. Hapo trekta lisiwashwe mpaka fundi aje.

Kupima oili kila asubuhi ni kazi ya dakika mbili. Trekta liwe limesimama mahali tambarare, injini haijawashwa. Vuta kijiti, kipanguse, kirudishe, kivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua chini ya alama ya chini, vyuma hukosa kinywaji. Ikizidi ya juu, huchapwa na vyuma vinavyozunguka mpaka ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Wapo wanaojaza tele wakidhani wanalipenda trekta. Hayo ni mapenzi ya kumlisha mtoto mpaka akatapika.

Je, ibadilishwe lini? Hapa wengi wetu hupotea kwa sababu tunahesabu kama matatu, au tunahesabu kwa miaka. "Oili tunabadilisha kila Krismasi," utasikia mtu akisema kwa fahari. Trekta huhesabiwa kwa saa za kazi. Vitabu vya matrekta mengi hutaja saa 250, na vingine vya zamani hutaja saa chache zaidi ya hizo, hasa penye vumbi. Haya, tupige hesabu tena. Trekta likilima saa kumi kwa siku, saa 250 huisha kwa siku 25. Kumbe msimu mmoja wa kulima, kutoka Januari hadi Machi, waweza kuimaliza oili moja, ukaimaliza ya pili, na ya tatu ikawa njiani, ilhali mwenyewe angali anangojea Krismasi! Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Saa iliyo kwenye dashibodi ilikufa zamani, na hakuna aliyeandika popote.

Aidha, ukibadilisha, oili imwagwe injini ikiwa na joto, maana uchafu huwa haujatuama, nayo hutoka nao. Chujio lake libadilishwe pia. Kumwaga oili mpya kupitia chujio la zamani ni kama kuoga ukavaa nguo chafu ile ile. Oili inunuliwe iliyofungwa vizuri, yenye nembo ya KEBS, na ya aina iliyotajwa kitabuni. Ile ya kupimiwa kwa chupa ya soda kutoka mtungi usio na jina ni bei nafuu leo na kilio kesho. Chujio la hewa nalo lisisahauliwe, kwani vumbi letu la Februari likiingia ndani hugeuza oili kuwa msasa. Na ile oili kuukuu isimwagwe mtaroni. Mvua ikija huiteremsha mitoni, na maji hayo ndiyo wanayokunywa ng'ombe wetu na watu wa chini yetu.

Najua watakuwapo wa kunipinga. Mmoja atasema, "Kazi ya mwanafunzi ni kusoma. Mambo ya trekta mwachie dereva na fundi." Nami namjibu: ni kusoma ndiko ninakokutetea! Katika boma letu watu watatu walilihusu trekta lile. Baba alikuwa na kitabu lakini hakukifungua. Dereva alikuwa na masikio ya kuisikia injini lakini hakuweza kusoma. Mimi nilikuwa nimesomeshwa kwa mahindi yaliyolimwa na trekta lilo hilo, na siku moja tu nilipoombwa nisome, nikasema ni picha. Elimu isiyoweza kumsomea mtu ukurasa mmoja ina faida gani?

Wa pili atasema, "Kiswahili hakina maneno ya mitambo. Mambo haya ni ya Kiingereza." Huyu namhurumia zaidi, hasa akiwa mwanachama wa chama chetu. Aende gereji yoyote ya Eldoret akae nusu saa. Atawasikia vijana wakisema tapeti, gaskiti, nozeli, ringi, spana, bisibisi, na injini zinatengenezeka. Kwani "gari" lilitoka wapi, kama si Bara Hindi? Na "bomba" je, kama si kwa Wareno? Lugha yetu haijawahi kuogopa mgeni anayekuja na kazi. Kiswahili cha mitambo kipo tayari, kimepakaa grisi. Tunachokosa ni mtu wa kukiandika.

Likizo ya Agosti nilimtafuta dereva wetu. Nilimkuta kwenye shamba jingine, akiendesha trekta la mtu mwingine. Moyo ulinidunda kama injini ya silinda moja. Nikamwambia ukweli, kwamba kitabu kile kilikuwa na maneno, na kwamba sikuyaelewa nikaona haya.

Akacheka kidogo. "Weri, nilijua. Kitabu cha picha peke yake hakiwezi kuwa kinene vile."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Ningemwambia nini? Ati mtoto wako hajui kusoma?" Kisha akaniuliza, "Umekuja nacho?"

Nilikuwa nimekuja nacho mfukoni mwa koti. Tukaketi chini ya mti, mimi na kitabu na kamusi, yeye na uzoefu wake. Nilipokwama katika neno, nilimweleza kazi ya chuma hicho, naye akanipa jina lake la gereji. Tulifika ukurasa wa tapeti saa kumi jioni. Aliposikia milimita 0.30 aliguna, akasema, "Na yule mtu alikaza mpaka ikabana!" Nilimwomba baba amrudishe kazini, nikamweleza yote, langu nikiwa wa kwanza kulikiri. Baba alinyamaza muda mrefu. Alimwendea mwenyewe. Lakini mtu alikwisha kupata kazi kwingine, tena penye mshahara bora, na hakurudi. Sisi sasa tuna dereva mwingine. Tofauti ni kwamba kitabu kimetoka kabatini.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu ambaye nyumbani kwao kuna trekta, likizo ijayo akitafute kitabu chake na aandike karatasi moja ya Kiswahili: aina ya oili, kiasi chake, saa za kuibadilisha, na kipimo cha mwanya wa vali. Karatasi hiyo ipigiliwe misumari mahali trekta linapolala, kwa maandishi makubwa, na asiyejua kusoma asomewe mpaka aikariri. Kando yake liwekwe daftari la saa na kalamu iliyofungwa kwa kamba, maana kalamu zetu hupenda kutembea.

Pili, chama chetu kishirikiane na walimu wa Kilimo ili tukusanye msamiati wa trekta, tuuchape katika jarida hili. Tumeandika juu ya methali na vitendawili kila mwaka, na ni vyema. Lakini maneno yanayookoa mavuno pia ni maneno.

Tatu, dereva asikizwe. Mwenye kuketi juu ya mashine kutwa ndiye wa kwanza kuisikia ikilalamika, lakini ndiye wa mwisho kuulizwa na wa kwanza kufukuzwa. Ningependa siku moja chama kimwalike dereva wa trekta aje atuhutubie ukumbini, nasi tukae kimya tumsikilize. Hicho ndicho kimya kisicho na mshindo.

Wenzangu, najua wengi wenu mtafunua ukurasa huu mkikimbilia vichekesho. Sikasiriki. Lakini mkifunga shule, mkiteremka kwenye matatu na kuisikia harufu ya shamba, kila mmoja ajiulize swali dogo tu: kitabu cha trekta letu kiko wapi? Na kikitoka kabatini, na akaja mtu wa darasa la tatu akasema, "Hebu nisomee," tafadhali usimwambie ni picha.